Fundi asiyeuliza kuna nini ndani: diski yangu na kile kibanda cha ng'ambo ya Marikiti

Duka lenyewe halina jina. Juu ya mlango pangali na bango la mshonaji aliyehama, lenye picha ya mkasi na kanzu, na ukiuliza pale kichochoroni "kwa fundi wa kompyuta" utaonyeshwa milango ya mafundi wa simu mpaka uchoke. Wewe uliza "kwa mshonaji wa zamani". Ni Mombasa, ng'ambo ya soko la Marikiti, ukiingia kimojawapo cha vichochoro vya Barabara ya Digo, pale harufu ya iliki na bizari inapokushika puani kabla hujaviona vyenyewe. Nampa fundi huyu nyota nne kwa tano. Ile moja nitasema imekwenda wapi.

Kwanza niwaambie kazi yangu, maana bila hiyo mtaniona mtu wa makuu kuandika maneno yote haya kwa ajili ya diski. Mimi hupiga video za harusi, upande wa wanawake. Mwenye kuijua Mombasa anajua nasema nini. Usiku wa kupamba, mabuibui huvuliwa, nywele hufunguliwa, mashangazi wa miaka sitini hucheza vugo mpaka jasho likawatiririka, na siku hizi simu hukusanywa mlangoni kwenye kikapu. Kamera inayoingia ni moja tu, yangu, na huingia kwa sababu mama wa bibi harusi ananijua mimi na alimjua mamangu. Video ile ni amana. Mwanamume asiyehusika hatakiwi kuiona hata kwa bahati mbaya.

Sasa basi, diski iliyobeba amana hizo ikakataa kufunguka.

Ni ya terabaiti moja, ile ndogo ya kuenea kiganjani, isiyotaka umeme wa ukutani. Mlikuwa na harusi 11 za tangu Mfunguo Mosi, na tatu kati yake wenyewe walikuwa bado wanazisubiri. Nakala nyingine? Msiniulize. Kadi za kamera nilikwisha kuzifuta ili nizitumie tena. Jumatatu asubuhi nimekaa na chai yangu na mahamri mawili, nachomeka, Windows inatoa ule mlio wake wa kukaribisha, kisha inaniandikia kwamba diski iliyoko E: lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya, ndipo itumike. Na kitufe cha kukubali kimewekwa pale pale kidole kinapoangukia! Aliyeuweka ujumbe ule pale hajawahi kupoteza kitu. Nikafunga. Nikachomeka tundu jingine. Mara ikaja, mara ikapotea, mara ikaja tena na ujumbe ule ule. Nikajaribu laptopu ya mpwa wangu, mambo yale yale. Chai ikapoa.

Pa kwanza nilipokwenda hapakuwa kibandani. Nilikwenda duka kubwa, vioo, kiyoyozi, vijana wenye shati za rangi moja. Jina silitaji. Kijana akaipindua diski mara mbili kama mtu anayechagua embe, akasema, "Mathe, hii imekufa. Iache siku tatu. Elfu kumi na nane, tukiipata." Nikamuuliza nani ataifungua. "Ni sisi tu." Kisha akacheka, "Kwani kuna nini ndani?" Wakati huo mwenzake alikuwa amekwisha kuichomeka, na namuona kishale chake kinaelekea penye fomati. Nikamshika mkono. Nasema mkono, si kwa maneno. Udhu wangu wa adhuhuri ukaishia pale, nikachomoa diski yangu nikatoka.

Kibanda nilielekezwa na mwanamke auzaye achari na mabuyu, ambaye mwanawe alifufuliwa pale laptopu yake ya chuo. Fundi ni kijana wa kiasi cha miaka thelathini, kofia ya kiua, miwani iliyofungwa waya pembeni. Pamoja naye yuko binti mmoja anayejifunza kazi. Nilipompa diski hakuuliza kuna nini ndani. Aliuliza matatu: "Mamangu, imeanguka? Inalia? Umebonyeza chochote?" Nikajibu la, la, na la. Akaichomeka, akaiweka sikioni kama daktari asikilizaye kifua cha mtoto. Binti akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ingekuwa inapiga tik, tik, tik, basi wangeichomoa hapo hapo na kunirudishia, maana hiyo ni dalili kwamba vile visindano vya kusomea vimeumia, na kuifungua kwataka chumba kisicho na chembe ya vumbi. Huku kichochoroni, vumbi la bizari peke yake latosha kuiua.

Yangu ilikuwa inazunguka kwa utulivu. Akautazama waya. Ule mdomo wake mpana ulikuwa na ukungu wa kijani ndani. Mimi nakaa Kibokoni, dirisha langu latazama maji, na upepo wa chumvi hula kila kitu; vijiko vyangu vyenyewe hupata kutu. Akatoa waya wake, mfupi, akachomeka nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya mbele. Kumbe si mahali popote panafaa. Tundu la USB la zamani, lile la 2.0, limepangiwa milliampea 500. Lile la 3.0, 900. Diski ya kuzunguka inapoanza kuamka hutaka nguvu nyingi kwa mpigo, na ikiikosa huinuka, huanguka, huinuka, kama mgonjwa wa malaria. Kule kuja na kupotea kukaisha pale pale. Ujumbe wa fomati ukabaki.

"Yalikuwa maradhi mawili," akasema. "Moja la waya."

Hapa ndipo alipoanza kunipendeza. Aligeuza skrini ikanitazama mimi. Akashika kitufe cha Windows pamoja na X, akachagua Disk Management, akanionyesha diski zote za kompyuta zimepangwa kama vyumba vya nyumba. Yangu ilikuwepo, na herufi yake E, lakini pale panapotakiwa kuandikwa NTFS, mtindo wa Windows wa kupanga diski, paliandikwa RAW. Maana yake Windows inaiona nyumba, inaujua mlango, ila haielewi kilichoandikwa kizingitini. Nikaona pia pameandikwa GB 931. Nikaruka: "Niliuziwa elfu moja!" Binti akacheka mpaka akajifunika mdomo. Kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1024, ndipo terabaiti moja ikaonekana 931. Sijaibiwa. Miaka minne nilikuwa nadhani nimeibiwa.

Kisha akaendesha programu ya kupima afya, CrystalDiskInfo, ya bure. Rangi ya buluu ni nzima. Yangu ilikuwa ya manjano. Zilikuwepo sehemu 24 zinazosubiri hukumu, yaani diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa.

Nilimwambia fundi kwamba mpwa wangu alipendekeza chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, ameiona kwenye simu. Akatikisa kichwa. Kwanza, chkdsk ikikuta RAW hukataa kazi. Pili, hata ingekubali, yenyewe hurekebisha kwa kuandika juu ya diski ile ile, na diski iliyokwisha kuonyesha manjano hailazimishwi kubeba mizigo. "Hii hatuigusi. Twanakili kwanza, halafu twatibu nakala." Akanituma nikanunue diski nyingine popote nitakapo, yeye hauzi, ila isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kwa unywele. Nikanunua ya terabaiti mbili kwa shilingi 9,500. Moyo uliniuma, lakini nilijua ni deni langu la siku nyingi.

Na sasa lile jambo langu. Nikamwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba humo mna mambo ya watu wasiotaka kuonekana. Akainua kiganja nisiendelee. Akawasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja, na programu iitwayo ddrescue ikaanza. Hunakili chembe kwa chembe kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho. Haijui faili, haijui video, haijui harusi. Ikikuta pabovu huparuka, hukamata pazima kwanza, kisha hurudi pabovu kujaribu tena polepole. Kwenye kioo mlikuwa na tarakimu tu zinazopanda. Nilikaa nikazitazama kwa muda wa karibu saa tatu, na katika harusi 11 hakuna aliyeiona hata ncha ya leso.

Ilianza saa tisa. Kufika saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumepita nusu, na magharibi inabisha. Nikaanza kuingiwa na baridi: je, niiache usiku? Kabla sijafungua mdomo alikwisha kuisimamisha, akachomoa diski zote mbili, akazifunga kwenye mfuko, akanipa. Programu ile huandika daftari lake pembeni la wapi imefika na wapi pabovu, na kesho huanzia pale pale. Daftari lilibaki kwake kwenye flashi. Ni tarakimu tupu. Amana zangu nikalala nazo mwenyewe, chini ya mto.

Jumanne nilifika mapema nikakaa kwenye kile kiti (nitakisema), na ile siku ilikuwa darasa. Watu wanaingia mmoja mmoja na diski zao, na kila mmoja anaamini yake imekufa.

Mwalimu mmoja kutoka Changamwe, diski ya kwaya, haifunguki Windows. Fundi akaichomeka, akatazama: imepangwa kwa mtindo wa APFS, wa kompyuta za Apple. Windows haiusomi mtindo ule peke yake. Aliyemrekodia anatumia Mac, basi. Hakuna ugonjwa. Akamwambia arudi kwa mrekodi, anakili kila kitu mahali salama, kisha aipange upya kwa exFAT, ambayo Windows na Mac zote huisoma. Hakumtoza.

Mama wa duka la leso, Biashara Street, diski haionekani kabisa penye orodha ya kompyuta. Binti ndiye aliyeshika hiyo. Disk Management, ikaonekana nzima, imeandikwa Healthy, lakini haina herufi. Kubonyeza kulia, kubadilisha herufi, G, ikafunguka. Dakika mbili. Nilikuwa naihesabu kwa saa ya ukutani. Hakutozwa naye, akaacha kwa hiari shilingi 100 ya soda.

Kijana wa bodaboda, flashi ya "terabaiti mbili" aliyoinunua barabarani kwa 1,200. Filamu zake za mwanzo zafunguka, za baadaye zote hazifunguki. Fundi akaipima kwa programu ya kuijaza na kuisoma tena: gigabaiti 32. Imefundishwa kusema uongo. Ukipita kipimo chake cha kweli, kinachoingia hakihifadhiwi, ingawa jina la faili laonekana. Kijana akauliza zile filamu zaweza kurudi. Haziwezi kurudi, hazijawahi kuwekwa. Nikamhurumia, lakini nikashukuru kwamba mimi hununua dukani.

Mimi pia nikatumia nafasi kuungama. Nilidhani kosa ni langu la kuchomoa bila kubonyeza pale pa kuitoa salama. Akasema tangu lile toleo la Windows 10 la mwaka 2018, la 1809, kawaida imebadilishwa ili diski za nje ziweze kuchomolewa upesi, maadamu haziandiki kitu wakati ule. Yeye mwenyewe hubonyeza kila mara. Yangu haikuwa hilo. Yangu ni uzee.

Nakala ikamalizika kabla ya adhuhuri. Kilichoshindikana kusomeka hakifiki ukubwa wa picha moja ya simu, ila bahati mbaya kimojawapo kilikuwa kile kizingiti chenyewe, ukurasa wa kwanza unaomwambia Windows nyumba hii imejengwaje. Hapo nikajifunza kitu nilichokipenda: NTFS huweka nakala ya ukurasa huo mwishoni kabisa mwa eneo lake, kama mzee anayeandika wosia mara mbili na kuuficha wa pili. Akaiweka ile diski mbovu kando, akafanya kazi juu ya nakala tu, kwa programu ya TestDisk, nayo ya bure. Ikasema ukurasa wa mwanzo mbovu, wa akiba mzima. Akachagua wa akiba uandikwe juu ya ule mbovu. Akachomoa, akachomeka.

Windows haikuomba kufomati kitu. Dirisha likafunguka, na folda zangu 11 zimejipanga kwa majina ya familia.

Yeye hakuziona. Nadhani alikuwa ameipima saa, kwa sababu sekunde ile alikwisha kusimama, akampa binti kiti, akatoka nje kwa muuza kahawa chungu. Binti akanipa vidude vya masikioni, akaigeuza skrini ukutani, akakaa upande wangu. Tukaendesha chkdsk juu ya nakala, ikarekebisha vitu vichache. Nikafungua harusi moja moja. Zimo. Moja tu ina kigugumizi cha kama nusu sekunde, katikati ya vugo, shangazi mmoja amesimama hewani mkono juu. Nilipomkabidhi mwenyewe harusi nilimwonyesha pale. Akacheka, akasema pasirekebishwe.

Bei: 3,500 za kazi, na 600 za waya mpya. Na hapa ndipo nyota ilipoanza kumeguka, kwa sababu waya wa namna ile ile nimeuona hatua mia kutoka pale kwa 350. Nilipomwambia akasema wake ni mnene ndani. Huenda. Risiti aliandika nyuma ya kipande cha khaki, bila mhuri. Ukiwa wataka risiti ya ofisini, sahau. Kiti cha wateja ni kimoja, kimevunjika mguu, umeegemezwa tofali. Feni ipo, ila yapulizia kompyuta, si watu, na mwezi huu joto la kichochoroni mle utadhani umo ndani ya sufuria ya biriani. Hufunga bila ilani: akienda msikitini hufunga, akienda kula hufunga, na mara ya kwanza kabisa nilimkosa nikarudi Kibokoni kwa tuktuk ya bure, yaani bure kwa faida, si kwa nauli. Namba ya simu hubandika mlangoni lakini hapokei akiwa kazini. Wengine mtaliona hilo sifa.

Pia msitarajie miujiza. Nilimsikia akiwarudisha watu wawili: mmoja diski yake inapiga tik tik, mwingine aliifomati mwenyewe kisha akaijaza muziki juu yake. Huyo wa pili alimwambia waziwazi kwamba kilichoandikwa juu kimekwenda. Angeweza kumla pesa ya "kujaribu". Hakumla.

Mwisho wa kazi aliniuliza nafanya nini na diski ya zamani. Yuko tayari kunipa 500, atatumia kasha lake na vipuri. Nikamuuliza, nikiifomati kwanza je? Yeye mwenyewe ndiye aliyenijibu kwamba fomati ya haraka hufuta orodha tu, kama kung'oa vibao vya majina kwenye milango na kuwaacha watu ndani, na programu kama PhotoRec hupita ikawatoa mmoja mmoja. Basi sikuuza. Iko nyumbani, imefungwa kwenye leso kuukuu, ndani ya sanduku la mamangu pamoja na udi, mpaka mpwa wangu apate nyundo nzuri.

Mkienda Ijumaa msifike kabla ya saa nane na nusu. Na nendeni na waya wenu.